Kibao Shingoni

Niliingia Tukuyu Januari 2016 na kanzu mbili, koti moja la kuazima na diwani tatu za mashairi. Mama alipopiga simu kutoka Wete kuniuliza mji ukoje, nilimjibu kuwa sijauona, ukungu haujaondoka. Alidhani namtania. Kwa hakika ilipita wiki nzima ndipo nilipouona mlima Rungwe, mita 2,961 za kijani na mawingu, umesimama nyuma ya shule kama mtu aliyekuwa akinitazama muda wote huo pasi na kunijuza.

Safari yenyewe sitaieleza kwa urefu, kwani kila aliyepanda basi Ubungo alfajiri akateremka Uyole usiku anaijua: Mikumi, mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, kona za Kitonga ambapo abiria wote hunyamaza, kisha Iringa juu ya kilima chake, Mafinga, Makambako, na baridi inayopanda kwa miguu kabla ya kufika kifuani. Sisi wana wa visiwani tumezoea kuliona bara kutoka baharini, mstari mwembamba wa bluu. Sikujua kuwa mstari ule una ngazi.

Nilipelekwa huko na serikali kufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kata. Na nani asiyejua jinsi sisi watu wa pwani tunavyojidai kwa Kiswahili? Nilijiona kama mtu apelekaye chumvi mahali pasipo bahari. Wanafunzi wangu walikuwa na Kinyakyusa kwa mama, Kiswahili shuleni na sokoni, na Kiingereza kwa ajili ya mitihani. Walikuwa watiifu, walinisalimu kwa kuinama na mikono miwili, na waliandika sentensi zilizonikata maini. Mmoja aliandika kuwa baba yake "anakwendaga Kyela kununua usipa". Mwengine kuwa mvua ya kwao "inanyeshaga bila kuuliza". Nikalifuta hilo "ga" kwa wino mwekundu, daftari baada ya daftari, muhula baada ya muhula. Nilifuta pia kila "kalamu" iliyogeuka "karamu" na kila "barua" iliyogeuka "balua". Jioni nilikuwa na vidole vyekundu kama mchinjaji.

Haikunipitia akilini kuuliza "ga" hiyo imetoka wapi. Lau ningeuliza, bibi mwenye nyumba niliyopanga angeniambia bure, huku akimenya ndizi, kwamba katika Kinyakyusa kiambishi hicho kina kazi yake: chaonyesha jambo linaloendelea au linalozoeleka. Watoto wale hawakuwa wakikosea Kiswahili. Walikuwa wakikivalisha sweta kwa ajili ya baridi ya kwao. Lakini hayo niliyajua baadaye mno.

Shuleni kulikuwa na kibao. Kipande cha mbao chenye ukubwa wa kiganja, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani, na juu yake yameandikwa kwa rangi nyeupe maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuwa aliyekivaa ni mvivu wa lugha. Atakayesikika akisema neno lisilo la Kiingereza hukivaa shingoni hadi amnase mwenzake amvalishe. Mwalimu wa zamu huandika majina, na jioni mstarini wenye majina hupata viboko viwili na kazi ya kufagia. Shule yetu haikuvumbua kitu. Watoto wa Wales walivalishwa kibao namna hiyo katika karne ya 19 kwa kusema Kiwelshi, na Ngugi wa Thiong'o alieleza katika Decolonising the Mind, mwaka 1986, jinsi shule za Kenya za enzi ya ukoloni zilivyowaadhibu watoto kwa kusema Kigikuyu. Ajabu ni kwamba mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilikuwa na zamu kama wenzangu. Dakika 40 za kipindi changu zilikuwa kisiwa halali katikati ya siku. Kengele ikilia, lugha niliyokuwa nikiisifu ubaoni hugeuka kosa mlangoni.

Ndugu msomaji ataniuliza: hukuliona hilo? Nililiona. Nilikuwa na mkopo wa chuo, mama mgonjwa wa sukari, na mkuu wa shule asiyependa maswali. Sera ya Elimu ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilikuwa imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Kwetu Rungwe ilikuwa kama habari ya harusi ya mbali. Mtoto alimaliza darasa la saba kwa Kiswahili, akaingia Kidato cha Kwanza, akaambiwa kuanzia Jumatatu hiyo moyo, figo na mapafu yake yote yana majina mapya.

Mwaka 2018 tukaletewa mwalimu wa Kiingereza kutoka Marekani. Alikuja na Peace Corps, shirika la kujitolea ambalo vijana wake walianza kuja Tanganyika tangu 1961, wakaondoka nchini 1969 na kurejea 1979. Kijana mrefu, mwenye miaka 27, mwenye ndevu ambazo bibi zetu wa mtaani walizionea huruma. Wenyeji wakampa jina la ukoo uliompokea, linaloanza na Mwa kama majina mengi ya huko, naye akaliitikia kwa furaha. Sitaliandika, kwani wenye ukoo wapo. Nitamwita mwenzangu, na kwa kweli ndivyo alivyokuwa. Shule nzima ilikuwa na wageni wawili tu wasiojua kukoleza moto wa mkaa wenye umande, nao tulikuwa sisi.

Watu walituweka kapu moja. Sokoni waliniuliza mimi Mpemba kama kwetu kuna mvua, na wakamuuliza yeye kama kwao kuna Mungu. Siku moja mama muuza ndizi alimuuliza ikiwa ana mke, naye akajibu kwa sauti kubwa, "Bado sijaolewa." Soko lilicheka hadi wauza parachichi wa upande wa pili wakaja kuuliza kulikoni. Jioni nikamfafanulia tofauti ya kuoa na kuolewa. Alifikiri kidogo, akasema labda sarufi imemjua kuliko anavyojijua, maana maisha yake yote ni kupelekwa na kupokewa.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa amefundisha mwaka mmoja Daegu, Korea Kusini, katika mojawapo ya zile shule za binafsi za jioni ziitwazo hagwon. Habari za Korea zilikuwa chakula chetu cha usiku. Alinisimulia jinsi watoto walivyokuja kwake jua limekwishatua, baada ya shule ya kawaida, baada ya hesabu, baada ya piano, wakisinzia juu ya vitabu. Kila mtoto alipewa jina la Kiingereza mlangoni, na mwalimu hakulijua jina alilopewa na babake. Alisema jambo hilo lilimtia haya pale tu wenyeji wa Rungwe walipompa yeye jina lao. Alisimulia pia nyumba aliyopewa na mwajiri, chumba kimoja chenye sakafu inayopashwa moto kutoka chini, ondol. Usiku wa Julai, tulipokuwa tumejifunika kila nguo tuliyokuwa nayo, aliililia sakafu ile kama mtu anayelilia mchumba.

Nilimuuliza kwa mzaha kama mimi nami naweza kwenda kufundisha Kiingereza huko. Akaona haya. Viza ya walimu wale, E-2, alisema, hutolewa kwa raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kumbe mtu aweza kusoma kwa Kiingereza kuanzia Kidato cha Kwanza hadi digrii, akachapwa kwa ajili yake, na kikaendelea kuwa cha watu. "Lakini Kiswahili wanakitaka," akaongeza ili kunifariji, na ni kweli: Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni, Seoul, kina wanafunzi wa Kiswahili. Nikamwambia nitakwenda na wino wangu mwekundu.

Kisha nikamuuliza swali ambalo jibu lake lilinikosesha usingizi. Hao watoto wa Daegu wanaoamkia na kulalia Kiingereza, fizikia wanasoma kwa lugha gani? Alinitazama kama nimemuuliza samaki hunywa nini. "Kikorea," alisema. "Kila kitu Kikorea. Kiingereza ni somo." Miaka ya baadaye nilisoma mwenyewe habari za nchi ile: mfalme Sejong aliyewatungia watu wake alfabeti na kuitangaza 1446, Wajapani walioitawala kuanzia 1910 hadi 1945 na ambao katika miaka yao ya mwisho walikiondoa Kikorea shuleni, wakawaadhibu watoto waliokisema, wanazuoni wa Chama cha Lugha ya Kikorea waliokamatwa 1942 kwa sababu walikuwa wakitunga kamusi. Mswada wa kamusi ile ulionekana tena 1945, baada ya vita, katika ghala la stesheni ya gari moshi mjini Seoul. Mara nyingi huifikiria siku hiyo, na mtu aliyefungua sanduku.

Basi sasa nifike kwa msichana.

Alikuwa Kidato cha Pili mwaka 2019, mwembamba, sweta lake lina kiraka cha rangi ya machungwa kiwikoni. Alipenda ushairi kwa namna niliyoisahau kwa watoto wa mji. Nilikuwa nimewafundisha vina na mizani kwa kupiga meza, nane kwa nane, na yeye alipiga kwa vidole mapajani hata katika vipindi vya watu wengine. Asubuhi moja ya Juni, ukungu mzito, nilikuwa wa zamu. Nilipita karibu na bomba la maji nikasikia sauti yake. Simwoni vizuri, naona kiraka tu. Anasema haraka haraka, kwa sauti ya chini, na hakikuwa Kiingereza. Nilikuwa nimesemwa wiki iliyopita kwa kuleta daftari tupu. Nikatoa kalamu, nikaandika jina lake na kosa lake: kuzungumza Kiswahili.

Alikivaa kibao siku nzima, kwani hakutaka kumnasa mwenzake. Jioni alipata viboko vyake viwili. Sikuwa mimi niliyepiga. Maneno haya nimeyasema moyoni mara nyingi, na kila nikiyasema huwa mepesi zaidi.

Ijumaa yake alileta insha. Chini ya insha, bila kichwa wala maelezo, palikuwa na ubeti. Nauweka hapa kama alivyouandika. Msomaji mwenye sikio ataona mahali penye kasoro. Namwomba avumilie, nitakuja kupaeleza.

Kibao nimekivaa, shingoni kama hirizi,
Maneno yananijaa, kuyatamka siwezi,
Mwalimu umenyamaza, nawe kwetu u mlezi,
Lugha yangu kosa gani, hata nishikwe kwa wizi?

Nilimpelekea mwenzangu usiku ule ule, kwenye taa ya sola. Tulijaribu kuutia katika Kiingereza na ukavunjika mikononi. Tulipopata maana tulipoteza ngoma, na tulipoipata ngoma hirizi ikatoweka. Hapo ndipo aliponiuliza, kama mwalimu wa lugha aulizavyo, "Anaposema lugha yangu, ni lugha gani?" Nikamjibu bila kupepesa jicho: Kiswahili, ipi tena?

Kikao cha walimu kilichofuata alisimama. Kiswahili chake kilikuwa kimeimarika, lakini hasira ilikirudisha nyuma. "Mimi nafundisha Kiingereza," alisema. "Watoto wananiogopa. Hawasemi Kiingereza. Hawasemi Kiswahili. Hawasemi." Kisha akakaa. Mkuu wa shule alimshukuru mgeni wetu kwa maoni yake mazuri. Wote wakanitazama mimi, kwani walijua tunakula pamoja, nami nikawa natafuta kitu mfukoni. Umenyamaza, kama alivyosema mtoto.

Nilichofanya ni cha woga: kila zamu yangu ilipofika niliacha daftari tupu na kusema sikusikia mtu. Kibao chenyewe kilipotea wiki chache baadaye. Sitaki kusema kilikwenda wapi, ila jioni ile jiko la mwenzangu liliwaka upesi kuliko desturi yake. Muhula uliofuata fundi seremala alileta kingine, kipana zaidi.

Machi 2020, katika hofu ya korona, Peace Corps waliwaondoa watu wao wote duniani kwa siku chache. Mwenzangu alipata taarifa Jumatatu, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amekwenda. Shule zilikuwa zimefungwa, wanafunzi hawapo. Aliandika ubaoni katika darasa tupu maneno ya kuaga kwa Kinyakyusa, "ndaga fijo", ahsanteni sana, na herufi zake zilikaa pale hadi Juni, kwani hakuna aliyekuwa na moyo wa kuzifuta. Aliniachia blanketi na kamusi yake, pembeni mwake mmejaa maneno niliyomfundisha na mengi ambayo sikumfundisha, aliyoyaokota kwa bibi zetu. Hapo ndipo nilipokutana na "aga", imeandikwa kwa penseli na kuelezwa vizuri, pamoja na mifano. Alikuwa ameuliza.

Mwaka 2021 nikahamishiwa Iringa. Mji ule una upepo badala ya ukungu, na una historia inayokaa wazi juu ya majabali. Niliizoea salamu ya "kamwene", nikaenda Kalenga kulitazama fuvu la Mkwawa lililorejeshwa 1954, nikapanda Gangilonga, lile jabali ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linalosema. Nilipita pia mara nyingi kando ya majengo yaliyojengwa katika miaka ya 1950 kuwa shule ya watoto wa Wazungu, Saint Michael na Saint George, ambayo baada ya uhuru ikawa Sekondari ya Mkwawa na leo ni chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Humo hufundwa walimu.

Julai 7, 2025 tulikuwa na hafla ukumbini. Siku hiyo, UNESCO iliitangaza Novemba 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na sisi walimu wa somo hilo huwa tunavaa vizuri na kusema mengi. Nilipewa dakika kumi. Nikasimulia kibao, nikamtaja mtoto wa Rungwe pasi na jina, na nikausoma ubeti wake kwa sauti ya kughani, kama utetezi wa Kiswahili dhidi ya Kiingereza. Ule mstari wa tatu niliurekebisha. "Umenyamaza" yake inakivunja kina, basi nikasoma "umenyamaa", neno letu la kale la pwani, likakaa pale kama pete kidoleni. Makofi yalikuwa mengi. Wapo waliofuta macho.

Baada ya chai akanijia msichana mrefu aliyevaa koti la kijivu. "Shikamoo Mwalimu." Mikono miwili, magoti yameinama kidogo. Sikumtambua hadi aliposema jina. Alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza chuoni hapo hapo, Kiswahili na Kiingereza, na wiki ile alikuwa anasubiri kwenda mazoezi ya kufundisha.

Nilianza kuomba radhi. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa kwa miaka sita. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikuwa nasema Kiswahili."

Pale bombani palikuwa na mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyetoka bondeni kuelekea ziwani. Alikuwa ameamriwa jambo kwa Kiingereza na kiranja, hakulielewa, akasimama analia kwa sababu hakujua afanye nini kwa ndoo aliyoishika. Kiswahili chake nacho kilikuwa cha kubahatisha. Yeye alimweleza kwa Kinyakyusa: jaza, upeleke jikoni, utarudi darasani, usilie. Hayo ndiyo niliyoyasikia kwenye ukungu. Nilikuwa nimekaa miaka mitatu na nusu katika nchi ile, na masikio yangu hayakuweza kutenga lugha ya wenyeji wangu na lugha yangu mwenyewe.

"Lugha yangu," akasema, akitabasamu kama mtu anayemsaidia mzee kuvuka barabara. "Niliposema lugha yangu."

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka daftari zote zile na wino wangu. Nilimwambia nataka kuuchapisha ubeti ule katika kurasa zinazosomwa kwetu, na kama ataridhia. Akafikiri. Alisema jina lake lisitiwe, kwa ajili ya wazazi, na kwamba mstari wa tatu urudishwe kama alivyouandika. "Nilihesabu, Mwalimu. Nilijua kuwa kina kimevunjika. Hilo neno jingine zuri, lakini si langu."

Tulitoka nje pamoja. Upepo wa Iringa ulikuwa umeanza ukali wake wa jioni, na alijifunga koti mpaka shingoni. Nilimuuliza amepangiwa wapi kwa mazoezi. Akasema Mufindi, sekondari moja katikati ya mashamba ya chai, atafundisha Kiingereza, na amekwishakwenda kujitambulisha. Nikamuuliza kama huko kuna kibao.

"Kipo," alisema. "Zamu yangu ni wiki ya pili."